Reli za mijini: Makosa ya mezani hulipwa barabarani

Ujenzi wa reli kubwa ndani ya mji mara nyingi haukwami kwa kukosa wahandisi wa kuchimba au kutandika reli. Hukwama kwa sababu maamuzi ya uongozi yaliyopaswa kufanywa wakati wa usanifu yanaahirishwa hadi zege limeshamwagwa. Kubadili mchoro ni kazi ya siku chache, lakini kubomoa nguzo ni hasara ya mamilioni.

Mfano wa karibu ni Addis Ababa, Ethiopia. Mji huo ulizindua reli yake nyepesi Septemba 2015, kwa gharama ya takriban dola za Marekani milioni 475. Asilimia 85 ya fedha hizo ulikuwa mkopo kutoka Benki ya Exim ya China, na ujenzi ulifanywa na kampuni ya Kichina. Njia ziko mbili: moja kutoka mashariki kwenda magharibi, na nyingine kutoka kaskazini kwenda Kality, eneo linalofahamika kwa wasafirishaji kutokana na shughuli zake za forodha na malori.

Njia na barabara

Sehemu kubwa ya reli hiyo imepita katikati ya barabara ikiwa chini, si juu ya nguzo. Uamuzi huo hupunguza gharama za ujenzi, lakini una bei yake. Uzio wa reli uliigawa mitaa pande mbili, vivuko vikawa vichache, na magari yaliyozoea kukata kona yakalazimika kwenda mbali kabla ya kugeuza.

Kwa mwenye duka au lori, hilo ni suala la mafuta, muda na wateja. Kwa meneja wa mradi, ni suala la nani aliyeketi mezani michoro ilipopitishwa. Shirika la reli hutazama treni, idara ya barabara hutazama magari, nayo mamlaka ya maji hutazama mabomba yake. Pasipo mtu mmoja mwenye madaraka juu ya wote, kila mmoja hulinda eneo lake, na hasara humwangukia mtumiaji.

Maungio ya mikataba

Nchi tajiri nazo hazikusalimika. Reli ya Crossrail jijini London, ambayo sasa inaitwa Elizabeth, ilipangwa kufunguliwa Desemba 2018. Uchimbaji wa mahandaki ulikuwa umekamilika tangu 2015. Hata hivyo, Agosti 2018 ilitangazwa kuwa tarehe hiyo haitawezekana, na sehemu ya katikati ya jiji ilifunguliwa Mei 2022. Bajeti ya pauni bilioni 14.8 iliyowekwa mwaka 2010 iliishia karibu bilioni 19.

Tatizo lilikuwa kwenye maungio. Kazi ziligawanywa katika mikataba mikuu 36, na treni zilitakiwa kusoma mifumo mitatu tofauti ya ishara katika safari moja. Kila mkandarasi aliweza kusema kazi yake inaendelea, ilhali hakuna aliyekuwa na dhamana ya kuhakikisha kazi zote zinaoana. Kazi ilipochelewa, muda wa majaribio ndio uliopunguzwa, kwa kuwa uongozi uling'ang'ania tarehe ya uzinduzi.

Vipuri na nauli

Addis Ababa ilikwepa tatizo hilo kwa kumpa mkandarasi mmoja kazi nzima. Reli ilimalizika kwa miaka isiyozidi minne, kasi ya kupigiwa mfano. Lakini njia hiyo nayo ina mtego: mnunuzi hupokea mitambo ya mtengenezaji mmoja, na vipuri humfuata huyo huyo, kwa fedha za kigeni.

Nauli ilianza kwa birr 2 hadi 6, kiwango nafuu kwa abiria lakini kisichoweza kununua vipuri vya dola. Fedha za kigeni zilipoadimika, treni zilianza kuegeshwa. Kufikia 2022, kati ya treni 41 zilizonunuliwa, zilizokuwa zikifanya kazi hazikufika nusu. Hesabu ya matengenezo ilipaswa kuwa sehemu ya usanifu, kando ya bei ya ujenzi.

La kuzingatia

Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji ambao miji yao inapanga reli, wakati wa kusema ni kabla ya zabuni kutangazwa. Yapo maswali manne ya kuuliza kupitia vyama vyao: vivuko vya malori vitakuwa wapi, mizigo itashushwa wapi wakati wa ujenzi, nani mwenye kauli ya mwisho pale idara zinapovutana, na vipuri vitalipiwa kwa fedha gani miaka kumi baada ya uzinduzi.

Mkataba ukishasainiwa, kila jibu huja na ankara yake.