Una Ampu Mbili na Keja Ni Ndogo? Jitengenezee Stendi ya Mbao Kabla Ziangukie Mtu

Wasee wa gita, hii ni yenu. Ulianza na ampu moja ya mtumba, ukaongeza ya pili ju ile ya kwanza haikuwa na mdundo, na sasa keja ya futi 10 kwa 10 imejaa hadi kitanda kinalalamika. Dawa ya haraka inajulikana: kubwa chini, ndogo juu, piga picha, post. Kwa picha inakaa fiti kabisa. Shida ni venye ampu si tofali.

Iangalie vizuri hiyo ya chini. Pale juu katikati kuna mkono wa kubebea, kwa hivyo ile ya pili haijakaa sawa, inapanda tu kwa uvimbe. Miguu yake ya mpira ni minne midogo, na ukipiga ile nyuzi nene ya juu, sanduku lote linatetemeka. Kila noti inaisongesha kidogo. Leo nusu sentimita, kesho nusu ingine. Siku mtoi wa jirani akivuta waya, kilo 14 zinashuka, na hapo si ampu tu utakuwa unalilia.

Sasa wacha tuchanuane. Stendi ya ampu mbili si kitu ya kuagiza ng'ambo. Ukiwa na msumeno, drili na Jumamosi moja, unaeza kuiunda mwenyewe. Sheria ya kukumbuka ni moja tu: kila ampu ibebwe na stendi, si na ampu mwenzake.

Kwani hii tabia ya kupanga ilitoka wapi?

Twende London kidogo, mwaka wa 1965. Pete Townshend wa bendi ya The Who alitaka sauti kubwa kuliko kila mtu, so akamuendea Jim Marshall amtengenezee sanduku moja la spika 8, kila moja ya inchi 12. Likatengenezwa, lakini wale vijana wa kubeba vyombo wakaona giza ju lilikuwa zito kupita kiasi. Jibu likawa kugawanya: sanduku mbili za spika 4, moja inakaa juu ya ingine. Hapo ndipo ukuta wa spika unaouona kwa video za roki ulianzia.

Lakini shika hii. Masanduku hayo yalijengwa yakijua yatabebana. Yana upana mmoja na ndani ni spika tu. Ampu yako ya kawaida ina spika na mitambo ndani ya sanduku moja, na ukipata ile ya valvu, zile chupa ndogo za kioo zinawaka ndani kama jiko. Haikuundwa kubeba mtu.

Hesabu ya kuanguka

Usikimbie, hii hesabu ni ya dakika moja. Kitu kinaanguka pale uzito wake ukipita ukingo wa miguu yake. Kwa hivyo vitu viwili vinaamua: uzito uko juu kiasi gani, na miguu imepanuka kiasi gani.

Tuseme ampu yako kubwa ni kilo 29, kimo sentimita 50, na ndogo ni kilo 14, kimo sentimita 41. Hizo ni saizi za kawaida mtaani. Ukiziweka kwa stendi ya shelfu mbili, kubwa ikiwa chini, kitovu cha uzito kinakuwa kama sentimita 56 kutoka sakafuni. Stendi ikiwa na kina cha sentimita 50 mbele kwenda nyuma, lazima uiinamishe karibu digrii 24 ndio ianguke. Ukiwa mjanja wa kuokoa mbao ukaifanya sentimita 30, digrii 15 tu na imeenda. Na ukiweka ile nzito juu kwa stendi ya 50, unarudi digrii 18.

Kwa ufupi: nzito chini, na miguu ipanuke kuliko ampu zenyewe. Ampu nyingi zina kina cha sentimita 23 hadi 27, so kina cha 50 ni karibu mara mbili. Usipunguze hapo hata kama keja inabana.

Shopping

Chukua futi ukapime ampu zako kwanza: upana, kimo, kina. Vipimo vya hapa chini vinatosha ampu yenye upana hadi sentimita 67. Yako ikiwa tofauti, weka upana wa ampu kubwa, ongeza 7, hiyo ndio nafasi unayotaka kati ya nguzo.

Gikomba mbao zimejaa, na hata hardware ya mtaa itakusort. Itisha:

Mbao ya mbili kwa mbili, futi 30. Chagua iliyokauka na iliyonyooka. Ishike kwa jicho kama bunduki uangalie kama imepinda.

Mbao nyembamba ya moja kwa mbili, futi 15.

Plaiwudi ya milimita 18, vipande viwili vya sentimita 74 kwa 50. Usinunue shiti nzima, uliza vipande vilivyobaki.

Bolti 8 za milimita 8, urefu milimita 120, na kila moja iwe na nati, wosha mbili na wosha ya springi.

Skrubu za mbao: za inchi 3 za fremu na nguzo, na za inchi moja na nusu za plaiwudi na mbao nyembamba. Ongeza gundi ya mbao na msasa.

Mwisho, tafuta fundi wa akala umwombe vipande vinne vya tairi. Kazi yake utaiona.

Kukata

Kwa ile mbili kwa mbili, kata nguzo 4 za sentimita 85. Kisha vipande 4 vya sentimita 50, na 4 vya sentimita 64. Jumla ni karibu futi 26, zile zingine ni za makosa ya msumeno. Mbao inaeza kuitwa inchi 2 na ikishapigwa randa iwe imepungua kidogo, so pima unene wa yako kabla ya kukata zile za 64. Ile fremu ikikamilika lazima iwe sentimita 74 kwa upana.

Kuunganisha

Hatua ya kwanza, tengeneza trei mbili. Kila trei ni mstatili: vipande viwili vya 50 pembeni, viwili vya 64 katikati yao, mbele na nyuma. Toboa tundu dogo kabla ya kuingiza skrubu, la sivyo mbao itapasuka. Paka gundi, funga skrubu mbili kila kona. Weka plaiwudi juu, gundi na skrubu kuzunguka. Acha ilale hadi kesho.

Kabla hujaacha ikauke, pima kona kwa kona mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, trei iko sawa. Visipolingana, isukume taratibu hadi vilingane. Fundi yeyote wa mlango anaijua hii.

Hatua ya pili, nguzo. Weka alama kwa kila nguzo kwa sentimita 10 na sentimita 73 kutoka chini. Hapo ndipo sehemu ya juu ya fremu ya kila trei itafika, kabla ya plaiwudi. Nguzo zikae nje ya trei, mbili kila upande, moja mbele na moja nyuma. Kila mahali nguzo inakutana na trei, pitisha bolti moja na uongeze skrubu moja ndefu. Ile wosha ya springi usiiruke. Mtetemeko wa spika hufungua nati polepole, na hiyo ndio inaishikilia.

Na bolti ina faida ingine: ukipata shoo, unafungua, unapanga mbao flat, unaingia matatu bila kuzozana na makanga.

Hatua ya tatu, ndio wengi huacha. Stendi ya mstatili bila mshazari inacheza kama meza ya hoteli ya mtaani. Chukua ile mbao nyembamba: kipande kimoja nyuma kutoka chini kushoto hadi juu kulia, na kimoja kila upande. Pembetatu haiyumbi. Mbao zinazobaki, funga mbele ya kila shelfu ziwe ukingo mdogo, ndio ampu isitembee ikatoka.

Akala zinaingia wapi?

Chini ya miguu. Tairi inazuia stendi kuteleza kwa tailisi, na inapunguza kiasi mtetemeko unaoingia kwa sakafu. Ukikaa ploti, sakafu yako ndio dari ya mtu. Si ati atakosa kusikia kabisa, lakini ile besi ya kutingisha sufuria zake itapungua.

Kuinua ampu kutoka sakafuni pia kunasafisha sauti. Spika ikikaa chini kabisa, sakafu inaipa besi ya ziada hadi inavuma. Zile sauti kali nazo hutoka kwa spika zikienda moja kwa moja mbele kama tochi. Ampu ikiwa chini zinapiga magoti yako, masikio yanakosa, unadhani sauti ni ndogo, unaongeza. Huku waliokaa mbele wanaumia. Ndio maana kwa shoo nyingi msee wa gita hupigana na msee wa mitambo. Kwa ile ya juu, weka kipande cha mbao cha sentimita 4 chini ya ukingo wake wa mbele. Italala nyuma kama digrii 9 na sauti itakutafuta usoni. Ukiinamisha hivyo, ifunge kwa stendi na mkanda wa mizigo kama ule wa boda.

Moto na stima

Kati ya ampu ya chini na shelfu ya juu tumeacha kama sentimita 11. Usiijaze na pedali wala tisheti. Joto linapanda, lazima lipate njia. Nyuma pia acha sentimita 15 kutoka ukutani, hasa kama ni ya valvu.

Stima ya Kenya ni volti 240. Ampu iliyotoka Marekani inaeza kuwa ya volti 120, so soma nyuma kabla ya kuchomeka. Na usiifungue ati unaangalia ndani. Ampu ya valvu huhifadhi mamia ya volti hata baada ya kuchomoa plagi. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua. Waya ya tatu, ile ya ardhi, isikatwe hata kama kuna mtu alikushow inaondoa kelele. Iko hapo ndio stima isipite kwako.

Ijaribu na maji kwanza

Usiweke ampu kabla stendi haijafanya mtihani. Kila keja Nairobi iko na mitungi ya lita 20. Ukijaa, mmoja ni kilo 20 na plastiki juu. Weka miwili iliyofungwa vizuri kwa shelfu ya chini, mmoja juu. Hiyo ni kilo 60, na ampu zetu zote mbili ni 43. Acha usiku mzima. Asubuhi angalia kama plaiwudi imelegea, kama kuna skrubu imetoka. Kisha isukume kwa mkono kutoka mbele, nyuma na pembeni, mtoi akiwa mbali. Ikiyumba, rudi kwa ile mbao ya mshazari.

Ikipita, panda ampu. Nzito chini, katikati ya shelfu. Waya zote zifungwe kwa nguzo ya nyuma ndio mtu asizikanyage. Baada ya wiki mbili za kucheza, chukua spana ukaze nati zote tena, na baada ya hapo kila mwezi.

Doo ya mbao ni kidogo ukilinganisha na spika iliyopasuka, na mguu wa mtoi hauna bei.