Maandalizi ya Mfungwa Kurudi Katika Jamii: Kazi ya Gereza na Kazi ya Kijiji

Kila hukumu ya kifungo, ukiondoa kifungo cha maisha, ina tarehe yake ya mwisho. Siku ile ile mfungwa anapopokelewa gerezani na kuandikwa katika daftari, tarehe ya kutoka nayo hukokotolewa ikaandikwa. Ndiyo kusema kutoka kwa mfungwa si jambo la ghafla kama mafuriko au nzige. Ni jambo linalojulikana miezi na miaka kabla halijatokea. Hata hivyo tarehe hiyo inapowadia, familia hushtuka, kijiji hunong'ona, na viongozi wa mahali hapo huuliza: huyu naye karudi lini, na nani kamruhusu? Katika makala hii tutajaribu kueleza kwa nini hali iko hivyo, na wajibu wa kuibadili ni wa nani.

Wanafunzi wa siasa wanaifahamu hoja ya Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Hoja hiyo, kwa ufupi, ni kwamba shule inayomtenga kijana na maisha ya kijijini kwa miaka saba, kisha ikamrudisha huko huko bila kumwandaa kwa maisha hayo, haijamwelimisha kwa faida ya jamii. Tuichukue hoja hiyo tuipeleke gerezani. Gereza linamtenga mtu na jamii kwa nguvu kuliko shule yoyote. Halimwachii kuamua saa ya kuamka, chakula atakachokula, wala kazi atakayofanya. Baada ya miaka mitano ya kuamuliwa kila kitu, mtu huyo anatakiwa aamue yote peke yake kuanzia asubuhi moja. Ikiwa tulikubali kwamba shule iliyojitenga ni kasoro ya mfumo wala si kosa la mwanafunzi, hatuna sababu ya kusema vinginevyo juu ya gereza.

TULIKOTOKA

Gereza la kikoloni halikuwa na shabaha ya kumrudisha mtu. Lilikuwa chombo cha kutisha na cha kupata nguvukazi. Lakini tusiwasingizie wakoloni kila kitu. Mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, Bunge letu wenyewe lilipitisha sheria ya adhabu za kima cha chini kwa makosa kama rushwa, wizi wa mali ya umma na wizi wa mifugo. Kima hicho kilikuwa miaka miwili na viboko 24: viboko 12 wakati wa kuingia na 12 wakati wa kutoka. Wananchi walikuwa na maneno yao juu ya vile vya kutoka, kwamba ni vya kwenda kumwonyesha mkeo.

Tutafakari kidogo maana ya viboko vile vya pili. Mtu amekwisha kutumikia adhabu yote aliyopewa na mahakama. Kisha, akiwa mlangoni, anapewa alama mwilini aende nayo nyumbani. Shabaha ya viongozi wa wakati ule ilikuwa kuonyesha kwamba taifa changa halina mchezo na wezi wa mali ya umma, na shabaha hiyo inaeleweka. Lakini siku ya kutoka ilifanywa kuwa sehemu ya adhabu, yaani kinyume kabisa cha maandalizi. Viboko viliondolewa katika sheria hiyo mwaka 1972, vikarudishwa mwaka 1989 kwa baadhi ya makosa. Na hata pale ambapo viboko havipo, fikra ile bado ingalipo vijijini mwetu: kwamba aliyetoka jela hajamaliza adhabu, amebadilishiwa mahali pa kuitumikia tu.

Zanzibar walichukua njia nyingine katika jambo la majina. Huko gereza huitwa Chuo cha Mafunzo, na wafungwa huitwa wanafunzi. Wako wanaosema jina halibadilishi ukuta. Ni kweli. Lakini jina hutaja wajibu: mahali panapoitwa chuo pana haki ya kuulizwa mwanafunzi amejifunza nini.

SHERIA ZILIZOPO

Kada anayetaka kuzungumza juu ya suala hili lazima azijue sheria, maana wananchi huchanganya mambo manne tofauti na kuyaita yote msamaha. Kwa Sheria ya Magereza ya mwaka 1967, mfungwa mwenye mwenendo mzuri hupunguziwa kwa kawaida theluthi moja ya kifungo chake. Huo si msamaha wa mtu yeyote, ni stahili anayoweza kuipoteza kwa utovu wa nidhamu. Pili kuna parole, iliyowekwa na Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994: mwenye kifungo cha miaka minne au zaidi, ambaye amekwisha kutumikia theluthi yake na ambaye kosa lake halimo katika makosa yaliyozuiliwa, aweza kumalizia kifungo nje kwa masharti na chini ya uangalizi. Tatu, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 humwezesha hakimu kumpa kazi ya kujenga taifa mtu ambaye angefungwa miaka isiyozidi mitatu, asiingie gerezani kabisa. Nne ndio msamaha wenyewe, ambao ni madaraka ya Rais kwa Ibara ya 45 ya Katiba.

Katika hizo nne, parole ndiyo inayofaa zaidi kwa maandalizi, kwa sababu moja ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kabla mtu hajatoka kwa parole, maoni ya jamii anakokwenda na ya aliyetendewa kosa hutafutwa. Kijiji huulizwa. Katika njia nyingine za kutoka, kijiji hupata habari kwa kumwona mtu njiani na mfuko wake.

UKINZANI WA KAZI YA MFUNGWA

Magereza yetu yana mashamba, karakana na viwanda. Karanga, Moshi, panatengenezwa viatu. Idete mkoani Morogoro panalimwa mpunga. Ruanda, Mbeya, pana chuo cha ufundi, na Wami pana gereza la vijana. Mwaka 2018 Rais Magufuli alisisitiza kwamba magereza yajilishe yenyewe badala ya kulishwa na bajeti ya serikali. Mtu hawezi kuipinga shabaha hiyo, maana anayelisha magereza kwa kodi ni mkulima ambaye pengine ndiye aliyeibiwa.

Lakini ndani ya kazi hiyo moja mna shabaha mbili zinazokinzana. Shabaha ya uzalishaji hutaka magunia mengi kwa gharama ndogo. Shabaha ya mafunzo hutaka mtu ajue kazi yote tangu mwanzo hadi mwisho. Uzalishaji utamweka mfungwa hodari pale pale anapofanya vizuri, miaka mitatu anakata soli tu, kwa kuwa kumhamisha kunapunguza viatu. Anatoka akijua kukata soli kwa mashine ambayo hakuna fundi viatu wa mtaani aliye nayo. Vivyo hivyo, aliyelima katika kikosi cha watu mia, wakilimiwa na trekta na kupangiwa kila hatua na askari, anarudi kwenye ekari moja na jembe la mkono, ambako jambo gumu si kulima bali kujua ni lini apande, akope mbegu kwa nani, na amuuzie nani. Hayo hakufundishwa, kwa kuwa gerezani yaliamuliwa na ofisi.

Kwa hiyo kipimo cha gereza kisiwe magunia peke yake. Liulizwe pia: kati ya waliotoka mwaka huu, wangapi walipimwa ufundi wao wakapewa cheti kinachotambuliwa na mwajiri? Na cheti hicho kinatambulika kuwa cha ufundi, au kinatangaza mahali kilikotolewa?

Kuna na suala la akiba. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa kwanza Geneva mwaka 1955 na kurekebishwa mwaka 2015 kwa jina la Nelson Mandela, zinataka kazi ya mfungwa ilipwe kwa haki, na sehemu ya malipo iwekwe akabidhiwe siku ya kutoka. Zinataka pia atoke na hati zake, nguo zinazofaa na nauli ya kumfikisha. Mtu aliyezalisha kwa miaka sita akatoka mikono mitupu, usiku wake wa kwanza atalala kwa rafiki aliyefungwa naye, maana huyo ndiye pekee asiyemwogopa. Tusishangae basi mazungumzo ya usiku huo yakiwa ya nini.

KAZI YA KIJIJI

Hapa ndipo makada wengi hudhani suala haliwahusu. Wanasema magereza yana wataalamu wake. Lakini askari magereza hana mamlaka nje ya lango, na mambo yanayomrudisha mtu jela mengi yako nje ya lango.

La kwanza ni shamba. Katika miaka ya kifungo, kaka mdogo amelilima, baba mdogo amelikodisha, au wote wawili wameliuza. Mwenyewe akirudi, anakuta mgeni mwenye karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mwenyekiti. Mgogoro wa namna hii ukiachwa huishia kwa panga. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, ambao watatu kati yao lazima wawe wanawake, kwa ajili ya usuluhishi. Hakuna sababu baraza lisiitwe miezi mitatu kabla mtu hajatoka, wakati damu bado imepoa, badala ya miezi mitatu baada yake.

La pili ni aliyetendewa kosa. Ng'ombe aliyeibiwa hakurudi kwa kuwa mwizi alifungwa. Mwenye ng'ombe anaona serikali imemlisha mwizi, naye hakupata hata ndama. Kumwambia mtu huyu asamehe ni kumtukana. Wazee wakikaa naye kabla, wakakubaliana fidia inayoweza kulipwa kidogo kidogo, hata ya jasho, anayerudi ana njia ya kupita mbele ya nyumba ile bila kuzunguka porini.

La tatu ni mke na watoto, na hapa hatuna fomula. Mwanamke aliyelea watoto wanne peke yake hawezi kuamriwa na balozi ampokee mumewe. Mwanamke anayetoka yeye mwenyewe gerezani ana hali ngumu zaidi, kwani mwanamume hungojewa na mkewe, lakini mwanamke mara nyingi anakuta mahali pake pamekwisha kukaliwa.

Balozi wa nyumba kumi, tangu mfumo wa vyama vingi ulipoanza mwaka 1992, ni kiongozi wa shina la chama wala si wa serikali, na hapaswi kujigeuza polisi wa aliyetoka. Anachoweza ni kwenda gerezani kumtembelea akiwa bado ndani, kwa nauli ya mchango, na kurudi na orodha ya mambo matatu: anadaiwa nini, anadai nini, na anajua kazi gani. Orodha hiyo ina thamani kuliko hotuba ya mapokezi.

Ugumu upo pale muda usipokuwepo. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais alitoa msamaha kwa wafungwa 8,157, na 1,828 kati yao walitoka mara moja. Mwaka 2019, siku kama hiyo, walisamehewa 5,533. Kuhusu hao waliotoka mara moja, hakuna kijiji kilichopata miezi mitatu. Na mahabusu, ambao kwa miaka mingi wamekaribia nusu ya watu wote walio magerezani, hawana tarehe hata moja. Anaweza kukaa miaka minne akisubiri upelelezi, hapewi mafunzo kwa sababu hajahukumiwa, kisha asubuhi moja kesi inafutwa na anaambiwa aende nyumbani. Huyu sheria inasema hana hatia, na ndiye anayetoka akiwa hajaandaliwa na mtu yeyote.