Mlima Uliopinduliwa wa Marafa

Wajukuu zangu, mlima hupandwa kwanza ndipo ukashukwa. Unapanda na nguvu zako zote, unarudi umechoka, na mteremko wenyewe unakusukuma nyumbani. Marafa, kaskazini ya Malindi, mambo ni kinyume. Unaanza juu, unashuka mpaka chini kabisa, unazunguka mabondeni, na kupanda kunakungoja mwisho, wakati magoti yameshaanza kulegea. Kwa hiyo maji msiyamalize kule chini. Nawaambia sasa kwa sababu kila mtoto niliyemwambia amechelewa kunisikia.

Tukitoka Malindi mjini tunavuka daraja la Mto Sabaki. Chungulieni. Mto huu unaanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, ukipita Tsavo unakuwa Galana, na ukikaribia bahari sisi huku tunauita Sabaki, kama mtoto mwenye jina la kwa mama na jina la kwa bibi. Masika yakikolea bara, hushuka na udongo mwingi hata bahari ya Malindi ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Lishikeni hilo la maji kubeba udongo, tutalihitaji mbele.

Kutoka Malindi hadi Marafa ni kama kilomita 30 hivi, katikati ya mashamba ya mahindi na mihogo na mikorosho yenye vivuli vinene. Ukifika huoni cha ajabu. Nyumba, mbuzi, mkorosho. Unapiga hatua chache, na mara ardhi imekwisha! Mbele yako kuna shimo ambalo mnazi mzima ungesimama ndani yake, na kutoka chini zimechomoza nguzo na kuta za mchanga, nyeupe, za waridi, za machungwa, nyekundu kama damu ya kuku. Wagiriama wanapaita Nyari, yaani pahali palipovunjika penyewe. Wageni wamepapachika jina la Kiingereza lenye maana ya jiko la jehanamu.

Tunashuka saa kumi alasiri, jua likiwa limepunguza makali. Mwenyeji anatangulia. Kuna vijana wa Marafa wanaoijua njia, na njia yenyewe hubadilika, maana kila mvua kubwa hula kipande cha ukingo. Shukeni ubavu, mguu mmoja ukishika ndipo mwingine usogee. Mvua ikinyesha hatuendi: mchanga huu ukilowa huteleza kama mlenda, na vijibonde vikavu huwa mito kwa muda mfupi.

Chini upepo haufiki. Joto linatoka juu, linatoka ukutani, linatoka miguuni. Kaeni hapa kivulini, niwape hadithi ya wazee.

Zamani paliishi hapa familia yenye ng'ombe wengi mno. Utajiri ukawapanda kichwani. Maji waliyaona ni ya maskini, wakawa wanaoga maziwa. Majirani hawana hata kikombe cha kumpa mtoto mgonjwa, na wao wanayamwaga mgongoni. Mulungu akakasirika, ardhi ikafunguka, ikawameza na nyumba zao. Ule weupe ukutani ni maziwa. Ule wekundu ni damu yao. Wengine husimulia kwamba watu walionywa wahame, wakahama wote, akabaki bibi kizee mmoja aliyekataa kuacha nyumba yake, na ardhi ikatitia naye ndani. Hii ya pili ndiyo hunikaa moyoni zaidi, kwa sababu kila kijiji kina bibi wa namna hiyo.

Sasa hadithi nyingine, ambayo mnaweza kuifanya wenyewe nyumbani. Rundikeni mchanga uani, ushindilieni, juu yake tandazeni vizibo vya soda. Halafu nyunyizeni maji polepole, kwa mkebe uliotobolewa. Maji yatauchimba mchanga ulio wazi na kuuacha ule uliofunikwa na kizibo. Baada ya muda kila kizibo kitakuwa kimesimama juu ya nguzo yake ndogo. Hapo mmetengeneza Nyari. Mchanga wa hapa uliletwa na mito na upepo mamilioni ya miaka iliyopita, na wanajiolojia wanauita Mchanga wa Magarini, kwa jina la eneo letu hili. Penye tabaka gumu kidogo, tabaka hilo hufanya kazi ya kizibo. Palipo laini, mvua hupachimba. Wekundu ni chuma kilichomo mchangani kikashika kutu, kama bati la jikoni kwenu. Palipo peupe chuma ni haba. Na ule udongo wa Sabaki? Kazi ni ileile moja, maji kuchukua nchi kavu punje kwa punje.

Ukuta huu ni laini hata ukucha unauchora. Nimeona majina ya watu yamechongwa humu, na roho huniuma. Mvua ilichukua zama kuusimamisha, mtu akaukwangua kwa dakika mbili. Mikono mifukoni, wajukuu.

Haya, tunapanda kwa upande wa pili. Ni mwinamo mkali, mchanga unakurudisha nyuma nusu hatua kwa kila hatua. Mkianza kulalamika nitawatajia Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 mama huyu wa Kigiriama aliwalisha watu kiapo wasiwape Waingereza vijana wao wakawe vibarua. Wakamkamata, wakampeleka uhamishoni Kisii, upande wa pili wa nchi. Yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakatoroka, wakarudi Pwani kwa miguu. Mwaka 1914 Waingereza waliilipua kwa baruti kaya kuu ya Wagiriama, yaani makao yao matakatifu msituni, wakawaamuru watu waondoke kaskazini ya Sabaki. Kaskazini ya Sabaki ndipo hapa tunapohema. Watu walirudi, wakalima, na mihogo mliyoiona njiani ni yao. Kaya ile ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Mmefika juu. Kunyweni sasa, kila mtu mafunda mawili, amwachie mwenzake. Tunamalizia kwa kufuata ukingo, uwanda wa nyasi na vichaka upande mmoja, shimo upande wa pili, mpaka kwenye mkorosho tulipoanzia. Msitembee karibu na mwisho wa ardhi, maana chini yake huenda pako wazi.

Mlidhani wageni walipaita jiko kwa sababu ya joto. Geukeni. Jua limeinama, mwanga unaingia bondeni kwa upande, na zile nguzo zinawaka moja baada ya nyingine, kutoka juu kwenda chini, kama makaa yanayopepewa.