Maumivu ya Kudumu na Siha ya Mtu wa Kazi

Mtu akitoka Kariakoo kwa Barabara ya Uhuru akaelekea upande wa Ilala, hachukui muda kuingia Mchikichini, mahali ambapo tangu alfajiri marobota ya mitumba, ambayo aghalabu huwa na kilo 45 hivi kila moja, hushushwa kutoka magarini yakapandishwa mabegani mwa vijana, na vijana hao wakapita nayo mbiombio kati ya vibanda huku wakipaza sauti kuomba njia. Robota likifika hukatwa kamba, nguo zikamwagwa juu ya turubai, na hapo huanza kazi ya pili ambayo mpita njia haihesabu kuwa ni nzito: mwuzaji, na mara nyingi ni mama mtu mzima, huinama kiuno kikiwa kimekunjika na miguu imenyooka, akachambua shati moja baada ya jingine, gredi ya kwanza huku na ya pili kule, saa mbili, saa tatu, bila ya kuketi. Mtaa wa jirani, Kariakoo, ulikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza baada ya mji huu kutekwa mwaka 1916. Kwa hiyo habari ya mizigo na maungo si ngeni katika sehemu hii ya Dar es Salaam, na wala si ngeni taabu inayofuata, yaani kiuno kinachouma asubuhi na jioni, mwezi huu na mwezi ujao, hata mwenyewe akasahau siku aliyoamka bila ya adha.

Matabibu huyaita maumivu kuwa ni ya kudumu yakizidi miezi mitatu. Mpaka huo haukuwekwa ovyo, kwa maana katika muda kama huo nyama na kano nyingi zilizoumia huwa zimekwisha kuunga, na maumivu yanayobaki baada ya hapo yana habari nyingine ya kueleza. Orodha ya kimataifa ya maradhi ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeyapa nafasi yake yenyewe, na kukiri kwamba maumivu, ambayo zamani yalihesabiwa kuwa dalili tu ya kitu kingine, huweza kuwa maradhi kwa nafsi yake.

Namna yanavyofanyika ilianza kudhihirika mwaka 1983, pale mtaalamu Clifford Woolf alipoonyesha, kwa majaribio ya panya, kwamba neva zilizo ndani ya uti wa mgongo, zikisha kupokea habari za jeraha, huongeza wepesi wao wa kushtuka, na wepesi huo huendelea hata pale jeraha lenyewe linapoacha kupeleka habari. Mlinzi wa usiku ambaye nyumba yake imewahi kuvunjwa na wezi hupuliza filimbi hata paka akipita. Hasemi uongo, kwani kishindo amekisikia kweli, ila kipimo chake cha hatari kimeharibika. Ndivyo ilivyo kwa mwenye maumivu ya kudumu. Uchungu wake ni wa kweli, anausikia mwilini na haukubuniwa na nia yake wala na uvivu, na wale wanaomwambia kwamba anajidekeza wanamdhulumu. Walakini ukali wa uchungu huo si kipimo cha ukubwa wa jeraha lililobaki.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa watu wa mji wetu, ambao wengi wao wakipigwa picha ya mgongo huambiwa kwamba pingili zimesagika, nao hurudi nyumbani na hukumu hiyo wakiamini kwamba kila wakiinama mfupa unasaga mfupa. Mwaka 1994 huko Marekani watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo walipigwa picha za MRI, na asilimia 52 miongoni mwao walionekana kuwa na diski, ule mto wa kati ya pingili, iliyotuna mahali pamoja au zaidi. Watu hao walikuwa wazima, wakitembea na kufanya kazi zao. Pingili hubadilika kwa umri kama nywele zinavyopata mvi, na lau habari hiyo ingetolewa pamoja na picha, watu wengi wangesalimika na hofu ambayo huwafunga kuliko maradhi yenyewe.

Kabla ya kuendelea ni wajibu kutoa hadhari, maana yako maumivu ya mgongo ambayo hayataki subira. Mtu akishindwa kuzuia haja ndogo au kubwa, au mkojo ukigoma kutoka, au akifa ganzi sehemu za siri na mapaja ya ndani, au miguu ikilegea, basi aende hospitali siku ileile. Kadhalika mwenye homa za jioni, jasho jingi la usiku na kupungua mwili apimwe kifua kikuu, kwa sababu maradhi hayo hushika pia uti wa mgongo, huweza kuutafuna hata mtu akapata kibyongo au akapooza, ilhali dawa zake katika hospitali za serikali nchini Tanzania hutolewa bila ya malipo. Aliyewahi kuugua saratani naye asingoje.

Kwa waliobaki, ambao ndio wengi, swali kubwa ni namna ya kuishi. Mtu wa kwanza kulikabili kwa upana alikuwa John Bonica, mzaliwa wa Italia aliyekulia Marekani, ambaye alijilipia masomo ya utabibu kwa kupigana mieleka ulingoni, na mieleka hiyo ikamwachia maumivu ya viungo yaliyomwandama maisha yake yote. Alipowatibu askari waliojeruhiwa katika Vita Vikuu vya Pili aliona kwamba tabibu mmoja peke yake hatoshi kwa maumivu yasiyokwisha. Mwaka 1953 akatoa kitabu kikubwa juu ya utunzaji wa maumivu, na baadaye katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle wakakutanishwa chumba kimoja mpasuaji, mtaalamu wa neva, mtaalamu wa nafsi na mtaalamu wa mazoezi, wote kwa ajili ya mgonjwa mmoja. Miongoni mwa waliofanya kazi huko alikuwa Wilbert Fordyce, mtaalamu wa nafsi, ambaye fikira yake moja naiona kuwa na fadhila kuliko dawa nyingi: kwamba mgonjwa asiache maumivu yawe ndiyo saa yake ya kuanza na kuacha kazi.

Tuitazame fikira hiyo Mchikichini. Mama wa mitumba akiamka na nafuu siku ya Jumamosi, siku ya wateja wengi, hufungua robota na kulichambua lote kwa mkupuo mmoja ili kufidia siku zilizopotea. Jioni kiuno kinawaka moto, Jumapili na Jumatatu yuko kitandani, Jumanne anajikongoja, na nafuu ikirudi anafanya vilevile. Kila mzunguko unampunguzia nguvu, kwa kuwa misuli isiyotumika hunyong’onyea, na ubongo wake unajifunza kwamba kuinama ni hatari. Tadbiri iliyo bora ni kupima kazi kwa saa badala ya uchungu: kama anajua kwamba dakika ishirini za kuchambua hazimwangushi, basi achambue dakika kumi na tano, asimame, atembee hadi mwisho wa safu ya vibanda na kurudi, kisha aendelee, na afanye hivyo hivyo siku ya nafuu na siku ya taabu. Baada ya wiki aongeze kidogo. Maumivu huenda yasipungue upesi, bali maisha huanza kupanuka, na aghalabu maumivu hufuata nyuma.

Najua jibu la mchukuzi wa mizigo, kwamba yeye hulipwa kwa robota na tumbo la watoto halingoji wiki. Jibu hilo ni la haki, na tabibu anayemwambia mtu wa kipato cha siku kwa siku, “Kapumzike mwezi mmoja,” amempa agizo lisilotekelezeka. Habari ya heri ni kwamba sayansi ya leo haimtaki alale. Mnamo Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya maumivu ya kudumu ya kiuno, maradhi ambayo mwaka 2020 yalikadiriwa kuwapata watu milioni 619 duniani, na ndani yake mambo yaliyopendekezwa ni mafunzo kwa mgonjwa, mazoezi, tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikira na mwenendo, na hata kuchuliwa na anayejua kazi hiyo. Mikanda ya kufunga kiuno, ambayo watu hutoa fedha yao ya shida kuinunua, haikupendekezwa. Wala kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya afyuni.

Juu ya dawa sina budi kusema wazi. Vidonge kama diklofenaki vimo katika mwongozo huo na vina manufaa kwa siku chache, walakini kuvila kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, mwaka baada ya mwaka, bila ya kupimwa, huchimba vidonda vya tumbo, hupandisha shinikizo la damu na huharibu figo kimyakimya. Na mwenye kisukari au presha yumo hatarini zaidi. Uchungu wa kuwaka na kuchoma unaoteremka mguuni, au wa nyayo za mwenye kisukari, hutokana na neva, na una dawa zake nyingine ambazo tabibu huandika. Hospitali ya Amana haiko mbali na Mchikichini, na ikibidi mgonjwa hupelekwa Muhimbili kwenye Taasisi ya Mifupa.

Mazoezi yenyewe hayahitaji ukumbi. Utafiti wa Australia uliotangazwa mwaka 2024, juu ya watu 701 waliopona maumivu ya kiuno hivi karibuni, ulionyesha kwamba waliofundishwa kutembea kwa mpango walikaa kwa wastani siku 208 kabla ya maumivu kurudi, ilhali wenzao walikaa siku 112. Na usingizi usidharauliwe, kwa kuwa usiku mbaya huongeza ukali wa maumivu ya kesho. Wala hapana haja ya kulala juu ya mbao au sakafuni kama wengi wanavyoshauriwa, maana watu 313 walipojaribiwa huko Hispania, waliolalia godoro la ugumu wa kadiri walipata nafuu kuliko waliopewa gumu.

Iko hasara nyingine ambayo hakuna kipimo kiionacho. Mwenye maumivu huacha arusi, huacha vikao vya jirani, na wako wanaoacha kwenda msikitini kwa haya ya kushindwa kurukuu na kusujudu, hali sheria ya dini yenyewe imemruhusu mgonjwa kuswali ameketi. Upweke huyanoa maumivu. Jamaa wa nyumbani wakiacha kumwuliza, “Leo panauma?” wakamwuliza amefanya nini na wakamwachia kazi anayoiweza, wanamtibu, na yeye mbele ya tabibu asiishie kuonyesha panapouma, aseme pia kwamba hawezi kumpakata mjukuu au kukaa kitako daladalani hadi Gongo la Mboto, kwa sababu hayo ndiyo yanayopasa kurudishwa.

Mengine hayamo mikononi mwa mgonjwa. Meza ya mbao inayofika kiunoni, ambayo robota lingemwagwa juu yake badala ya chini, ingemwondolea mama wa mitumba maelfu ya miinamo, na toroli kwenye njia iliyosawazishwa lingechukua yale ambayo leo yanachukuliwa na shingo za vijana. Ila meza haikai palipobanana vibanda, na toroli halipiti penye mashimo na maji. Viongozi wa soko na wa Jiji wanapopanga upana wa vijia na kutoza ushuru, hesabu ya migongo ya watu imo ndani ya mipango hiyo, nami nawaomba waihesabu.