Gitaa la mapajani na wimbo wa kale: Kurekodi nyumbani si kazi ya vidole pekee

NYIMBO za kale za Marekani, zikiwemo zile za Jim Reeves na Jimmie Rodgers, zingali na wapenzi wengi katika Bonde la Ufa, ingawa waimbaji wenyewe walifariki miongo mingi iliyopita.

Zamani, mwanamuziki wa Nakuru aliyetaka kuurekodi upya wimbo wa aina hiyo mara nyingi alilazimika kufunga safari hadi Nairobi na kulipia studio. Siku hizi chumba kimoja, kompyuta ya kawaida, kipaza sauti na programu isiyolipiwa kama Audacity vinatosha.

Hata hivyo, wepesi huo umezua maswali mawili. Kwanza, ile sauti ya gitaa inayoteleza na kulia kama mtu itapatikanaje? Pili, wimbo huo ni mali ya nani?

Sauti hiyo hutoka kwenye gitaa linalolazwa mapajani. Mpigaji habonyezi nyuzi kwa vidole, bali hutelezesha kipande cha chuma juu yake. Ufundi huo ulianzia visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kuwa mwanzilishi wake ni Joseph Kekuku, aliyezaliwa mwaka 1874.

Kutoka Hawaii gitaa hilo lilienea Marekani bara, likaingia katika muziki wa mashambani. Jimmie Rodgers, aliyerekodi kati ya mwaka 1927 na 1933, alilitumia katika baadhi ya santuri zake.

Santuri hizo zilifika mbali. Mwaka 1950, mtafiti Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, magharibi mwa Nakuru ukipita Mau Summit na Kericho. Miongoni mwazo zilikuwemo nyimbo zilizoitwa Chemirocha, jina lililotokana na matamshi ya Jimmie Rodgers. Tracey aliandika kwamba wasichana walioimba mojawapo walimwazia mgeni huyo kuwa nusu mtu, nusu paa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Wakipsigis hawakumwiga Rodgers. Walilichukua jina lake, wakaliingiza katika muziki wao unaosindikizwa na ala yao ya nyuzi, wakazaa kitu kipya. Hilo ni funzo kwa kila anayerekodi upya wimbo wa mwingine: nakala tupu haiongezi kitu, kwa kuwa wimbo wa awali upo na unasikika.

Kwa asiye na gitaa la mapajani, gitaa la kawaida la nyuzi sita laweza kubadilishwa. Kinachohitajika ni kipande kidogo cha kuinua nyuzi pale zinapoanzia shingoni, ili chuma kisiguse mbao.

Kisha nyuzi hutengenezwa upya, kuanzia ule mnene, kwa sauti za D, A, D, F iliyopandishwa nusu, A na D. Mpangilio huu unawafaa wanaoanza kwa sababu nyuzi nne hulegezwa na mbili huachwa zilivyo. Hakuna unaokazwa kupita kiasi, na kwa hiyo hatari ya kukata uzi au kupinda shingo ya gitaa ni ndogo.

Nyuzi zote zikipigwa pamoja bila kuguswa, hutoa kodi kamili ya D. Chuma kikiwekwa kwenye mstari wa tano hupatikana G, na kwenye wa saba hupatikana A. Kwa kodi hizo tatu, nyimbo nyingi za kale zaweza kupigwa kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ugumu uko kwenye usahihi. Kidole hubonyeza nyuma ya mstari, lakini chuma hukaa juu yake hasa. Kikisogea kidogo tu, sauti hupotoka na msikilizaji hutambua mara moja. Aidha, vidole vilivyo nyuma ya chuma hutakiwa kuzigusa nyuzi kwa wepesi ili kuzuia mivumo isiyotakiwa.

Katika kurekodi, ni vyema kuanza na mapigo na gitaa la kawaida, kisha sauti ya mwimbaji, na mwishowe gitaa la mapajani. Utaratibu huo humwezesha mpigaji kuijibu sauti ya mwimbaji pale inapopumua, badala ya kushindana nayo. Anayerekodi asikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, la sivyo kipaza sauti kitanasa tena yale yaliyokwisha kurekodiwa.

Nyumba nyingi zina kuta tupu zinazorudisha mwangwi. Mablanketi yaliyotundikwa na godoro lililosimamishwa ukutani hupunguza tatizo hilo. Mvua juu ya mabati haina dawa ila kungoja ikatike, na honi za matatu hupungua usiku.

Baada ya sauti kupatikana, linabaki swali la mwenye wimbo. Wengi hudhani kwamba wimbo ukishakuwa wa kale ni wa kila mtu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haisemi hivyo.

Sheria hiyo hutenganisha utunzi na rekodi. Utunzi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Rekodi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Watunzi wakiwa wawili, hesabu huanza kwa yule aliyefariki mwisho.

Mfano ni wimbo He'll Have to Go, aliourekodi Jim Reeves mwaka 1959. Wengi huuita wimbo wa Reeves, aliyefariki mwaka 1964. Lakini watunzi wake ni Joe na Audrey Allison, na Joe alifariki mwaka 2002. Kwa hesabu ya Kenya, utunzi huo unalindwa walau hadi mwisho wa mwaka 2052.

Nyimbo alizotunga Rodgers peke yake zimekwisha kuvuka muda huo, kwani alifariki mwaka 1933. Lakini zile alizotunga pamoja na shemeji yake, Elsie McWilliams, aliyefariki mwaka 1985, zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2035.

Kwa kawaida, kuimba sebuleni kwa kujifurahisha hakuleti shida. Mambo hubadilika wimbo unapouzwa au kusambazwa kwa intaneti, ambako sheria za nchi nyingine pia huhusika, na baadhi yake huulinda utunzi kwa muda mrefu zaidi. Kabla ya kufika hapo, ni busara kutafuta idhini, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ndiyo inayosimamia masuala hayo nchini.

Wakenya wanaujua uchungu wa upande wa pili. Wimbo Malaika, uliovuma kupitia Fadhili William, uliimbwa na wasanii wakubwa wa ng'ambo, akiwemo Miriam Makeba na kundi la Boney M, huku utunzi wake ukigombewa na zaidi ya mtu mmoja na swali la nani alipwe likiendelea kuzua malalamiko.

Nazo rekodi za Chemirocha zilikaa katika maktaba ya muziki nchini Afrika Kusini kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya maktaba hiyo, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, kuzirejesha kwa jamii ya wale walioimba.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Anayelalamika kuwa wageni walineemeka kwa nyimbo za Afrika Mashariki hana budi kumtaja na kumlipa mtunzi wa ng'ambo anapouchukua wimbo wake, hata kama ameurekodia chumbani chini ya mabati.