Vita Vilivyochongwa Ubaoni

Askari anapokwenda vitani huacha nyumbani mtu anayehesabu siku. Mchoraji anayepamba riwaya ya vita mara nyingi humsahau mtu huyo; kurasa hujaa bunduki na moshi.

Mwaka 1929 Mjerumani Erich Maria Remarque alitoa riwaya yake mashuhuri, Im Westen nichts Neues, juu ya wanafunzi walioingia jeshini kwa kuhimizwa na mwalimu wao, wakafa mmoja baada ya mwingine. Kisa cha namna hiyo kilikuwa kimekwisha kuchorwa na mama mmoja wa nchi hiyohiyo, Käthe Kollwitz.

Mwaka 1914 mwanawe Peter, kijana wa miaka 18, alitaka kwenda vitani kwa hiari. Ilihitajiwa idhini ya baba. Baba alikataa, mama ndiye aliyemwombea hata akakubaliwa. Oktoba mwaka uleule Peter aliuawa Ubelgiji.

Mama alitafuta kwa miaka namna ya kuuchora msiba huo. Mwaka 1920 aliona picha za ubao za Ernst Barlach, naye akashika patasi. Kazi hiyo yafanana na muhuri wa ofisini: palipochongwa hubaki peupe, palipoachwa hushika wino, na ubao mmoja hutoa nakala nyingi.

Picha zake ni saba, nazo huitwa “Vita”. Hamna bunduki wala adui. Linalorudiwa ni wazazi na watoto wao. Katika ya kwanza mama anamwinua mtoto mchanga kama sadaka. Katika ya pili Mauti anapiga ngoma, vijana wanamfuata, na Peter yu karibu naye. Kisha wazazi wamepiga magoti, wameshikamana kama jabali jeusi. Wanafuata wajane katika picha mbili. Katika ya sita akina mama wamejifunga duara kuwazunguka watoto. Katika ya saba mwanamke amemficha mtoto ndani ya vazi lake.

Kurudia huko si uchache wa mawazo. Mama wa picha ya kwanza alitoa. Wa mwisho amekataa kutoa. Hapo ndipo apaswapo kujifunza kila apambaye riwaya ya vita.

Wahenga walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama huyo aliujua mara mbili: mwaka 1942 mjukuu wake, naye akiitwa Peter, aliuawa vitani Urusi.