Je, Matunda Yapunguzwe?

Msimu wa maembe uingiapo, mwanafunzi wa Mbuchi, katika delta ya Rufiji, aweza kujiuliza: je, mwenye kujali afya ayapunguze? Gramu 100 za embe bivu zina sukari ipatayo gramu 14. Hata hivyo, sukari hiyo imefungamana na nyuzinyuzi za tunda. Huingia katika damu polepole, na mlaji hushiba mapema. Embe likikamuliwa, kinga hiyo hupungua. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 uliijumuisha sukari ya maji ya matunda katika sukari za kupunguzwa, lakini si ile ya tunda zima. Mgonjwa wa kisukari na apime kiasi kwa ushauri wa daktari. Wengine wapunguze maji ya matunda, si matunda.